Nguo Isiyoonekana

Kitendawili!

Mmeitikia vizuri. Basi nategea hapa: Nguo yangu haionekani, lakini ikichakaa kila mtu huiona.

Fikirini taratibu. Mmoja amesema hewa. Siyo, maana hewa haichakai. Mwingine amesema kivuli. Kivuli nacho huonekana, tena jua likizidi huonekana zaidi. Huyu wa nyuma amesema ngozi ya nyoka. Wewe umekaribia, na baadaye utajua umekaribia kiasi gani. Lakini kukaribia si kutegua. Nipeni mji.

Hiyo ndiyo sheria tuliyoirithi: asiyeweza kutegua hutoa mji, na mtegaji huupokea, huenda akautembea, ndipo huleta jibu. Mmenipa Nairobi? Nimeipokea. Kaeni vizuri niwaambie nilichokiona huko.

Nilikwenda Nairobi, nikashukia katikati ya jiji, nikatembea hadi Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Grogan kwa jina lake la zamani. Huko vipuri vya magari vimejaa hadi barazani: taa zimeninginia kama matunda, bampa zimelaliana, vioo vya pembeni vinakutazama kutoka kila upande. Kwenye duka moja niliona milango mitatu. Muuzaji aliniambia yote ni ya gari la aina moja, na yote ilitoka kiwandani ikiwa na wekundu uleule. Uliokuwa ndani ya duka ulikuwa mwekundu kama nyanya iliyoiva. Uliokuwa kizingitini, nusu kivulini na nusu juani, wekundu wake ulikuwa umeanza kuchoka. Wa tatu, uliokaa nje muda mrefu, ulikuwa umepauka kama waridi lililokauka, na juu yake umetanda ukungu mweupe mithili ya unga.

Nani aliyeupausha mlango ule? Hakuna aliyeukwaruza wala kuumwagia kitu. Ulisimama tu.

Nikapanda matatu nambari 46 kwenda Kawangware, upande wa magharibi wa jiji. Tulipokuwa tukipanda Valley Road kuelekea Hurlingham, nilikaa dirishani nikaanza mchezo ambao nanyi mnaweza kuucheza. Ukiwa kwenye kiti cha matatu unayaona magari madogo kwa juu. Tazama paa na boneti, kisha tazama milango. Mara nyingi milango bado inang'aa ilhali paa limefifia. Gari ni lilelile, rangi ni ileile, umri ni uleule. Tofauti ni kwamba paa hulitazama jua uso kwa uso, na mlango hulitazama kwa pembeni.

Na jua la Nairobi si la kutazamwa hivihivi. Jiji hili liko kusini kidogo tu ya ikweta. Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama karibu utosini kabisa, kivuli chako kikajikunja chini ya viatu vyako. Tena jiji lipo juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na baridi hiyo huwadanganya wengi. Husema, hapa hakuna jua kama la Mombasa. Joto la Mombasa limezidi, ni kweli. Lakini mlaji mkubwa wa rangi si joto. Ni miale ya urujuanimno, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Hewa huizuia miale hiyo kwa kiasi, na kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa iliyobaki juu ya kichwa chako inavyopungua. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo mbingu zikiwa wazi, gari linalopigwa na upepo baridi wa Nairobi huchomwa na miale mingi kuliko lile linalotokota kwa joto la Mombasa.

Nilifika Kawangware kwa dada yangu. Gari lake lilikuwa uani, mahali pasipo mti wala bati. Ni Toyota jekundu lililotoka Japani likiwa limetumika, kama yalivyo magari mengi ya Kenya. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hivyo linaposhushwa melini Mombasa huwa limekwisha kuishi maisha yake ya kwanza chini ya jua la mbali, ndipo hupanda kilomita zipatazo 480 hadi Nairobi kuanza maisha ya pili. Hili lilikuwa limekaa uani pale miaka saba. Boneti ilikuwa imepauka, na paa lilikuwa na ule ukungu niliouona Grogan.

Mpwa wangu, msichana wa gredi ya sita, alinipokea mkoba akanionyesha.

"Mjomba, gari la mama limezeeka."

"Limezeeka au limechafuka?"

"Nimeliosha mara mbili. Likiwa na maji linarudi kuwa jekundu. Likikauka linazeeka tena."

Nilifurahi sana, maana mtoto yule alikuwa ameshika mkia wa jambo lenyewe bila kujua. Nikamwambia aokote kokoto mbili zinazofanana, moja aichovye majini. Fanyeni hivyo nanyi mkifika nyumbani. Kokoto kavu ina rangi ya vumbi. Iliyolowa inaonyesha wekundu wake, weusi wake, hata mishipa midogo usiyoijua. Maji hayakuipaka kokoto rangi. Rangi ilikuwamo tangu mwanzo.

Sababu yake ni hii. Uso wa kokoto kavu una mabonde na vilima vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukivigonga hutawanyika kila upande, kama watoto wanaotoka darasani kengele ikilia, na mwanga mweupe uliotawanyika ndio tunaouona kama ukungu. Maji yakijaza mabonde, uso unakuwa sawa, mwanga unaingia hadi kwenye rangi na kurudi na habari zake. Mmewahi kusimama kando ya ziwa dogo la Uhuru Park? Upepo ukitulia, maji hukuonyesha miti na majengo. Upepo ukivuma, picha hupotea, ingawa maji ni yaleyale na miti ni ileile. Uso wa gari la dada yangu ulikuwa ziwa lenye upepo, ila mawimbi yake yalikuwa yameganda.

Mawimbi hayo yalitoka wapi? Ni lazima mjue jinsi gari linavyovaa. Bodi ni chuma, na chuma ni mwili. Juu ya mwili huja rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Hiyo ni fulana. Juu ya fulana huja rangi tunayoipenda, nyekundu au buluu au kijivu. Hiyo ni shati. Na juu ya shati, magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 huvishwa koti jembamba la vanishi isiyo na rangi yoyote, angavu kama kioo.

Naona macho yako wewe wa nyuma yameng'aa. Shikilia jibu lako, usiliseme bado.

Koti hilo ni jembamba kuliko mnavyodhani. Gawanya milimita moja mara 1,000, kila kipande kinaitwa maikroni. Unywele wa kichwani mwako una unene wa maikroni kama 70. Koti la vanishi la gari mara nyingi lina maikroni 40 hadi 50. Ng'oa unywele mmoja, ushike kwenye mwanga, uutazame. Kinachosimama kati ya jua na rangi ya gari ni chembamba kuliko huo unywele.

Vanishi imefumwa kwa minyororo mirefu ya molekuli, imepishana na kushikana kama ukindu katika mkeka. Miale ya urujuanimno hukata minyororo hiyo mmoja mmoja. Oksijeni iliyo hewani huja ikazishika ncha zilizokatwa, zisiweze kuungana tena. Mnakijua kitendo hicho ingawa hamkijui kwa jina: parachichi ulilolikata asubuhi ukalikuta jioni limekuwa la kahawia, ni oksijeni ilipita hapo. Siku baada ya siku mkeka unafumuka kwa juu, nyuzi zinasimama, vumbi linatua, na uso uliokuwa ziwa tulivu unakuwa na mawimbi. Kinyesi cha ndege nacho huacha alama iliyotafuna, na moshi wa barabarani huongeza tabaka lake.

Nyekundu huumia zaidi kuliko nyingi. Kitu huonekana chekundu kwa sababu kinaturudishia mwanga mwekundu na kumeza wa buluu na wa kijani. Huo kinaoumeza ndio wenye nguvu zaidi, kwa hiyo chembe nyingi za rangi nyekundu hula chakula kinachozidhuru.

Jirani wa dada yangu ana pikapu ya zamani, Peugeot 504 ya buluu, ya enzi za kabla ya vanishi kuwa jambo la kawaida. Nilimwomba ruhusa nikapitisha kitambaa cheupe chenye maji juu ya boneti yake. Kitambaa kikageuka buluu. Mpwa wangu akashtuka, akadhani nimeiharibu. Nikamweleza kwamba gari lile halina koti, limevaa shati tu, na shati lenyewe ndilo lililogeuka unga juu. Kwenye gari la mama yake kitambaa kilitoka na uchafu bila wekundu, maana pale kilichochakaa ni koti.

Kesho yake tulilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee kando ya Barabara ya Naivasha. Karakana yake ni mti mkubwa, mabati mawili na kisanduku cha vifaa. Kenya inawaita watu hawa jua kali, kwa kuwa kwa miaka mingi walifanya kazi bila paa. Jina lilianza mitaani, likapanda hadi likaandikwa katika waraka wa sera wa serikali wa mwaka 1992. Nami nilipoketi pale nililitafakari: jua kali ndilo linaloila rangi, na jua kali ndio wanaoirudisha.

Jambo la kwanza alilolifanya fundi ni kulisogeza gari kivulini na kungoja boneti ipoe. "Bati la moto hukausha dawa kabla haijafanya kazi," alisema. Kisha akaliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka garini usirudi garini. Lilipokauka alivaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, akaupitisha mkono juu ya paa akiwa amefumba macho.

"Njoo, binti yangu. Vaa mfuko huu uguse."

Mpwa wangu akagusa. "Kuna vinundu, Mzee. Kama chumvi."

"Mkono mtupu haungevisikia. Plastiki huteleza, ndiyo maana kila kinundu kinajitangaza. Hivyo ni vumbi la chuma la breki na moshi ulioganda. Tukivisugua na mashine vitakuwa kucha za paka." Akatoa donge la udongo laini wa kusafishia rangi, akalinyunyizia maji, akaliteleza juu ya bodi hadi vinundu vikanasa vyote.

Alipofika ukingoni mwa boneti akasimama. Palikuwa na baka jeupe la ukubwa wa kiganja, lenye kingo kama ramani. Akalipaka maji. Sehemu nyingine za boneti zilirudi kuwa nyekundu, lakini baka lilibaki jeupe.

Dada yangu akaeleza kwamba mwaka uliopita alilipeleka mahali wakalisugua kwa nusu saa tu, likatoka linang'aa kama jipya, na baada ya miezi michache ukingo ule ukaanza kubabuka.

Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kwenye kingo koti huwa jembamba zaidi, na mashine inapopita hapo hukandamiza mahali padogo, joto likapanda. Hapa koti limekwisha. Mama, hapa sitapagusa. Panataka kupigwa rangi upya. Kitu kilichokwisha hakisuguliki."

Kisha akamgeukia mpwa wangu. "Unadhani mashine hii inafanya nini?"

"Inaweka mng'ao."

"Watu wazima wengi nao husema hivyo. Haiweki kitu. Inaondoa."

Hilo ndilo neno nililolifuata Nairobi, nami nataka mlishike. Fundi anayeng'arisha haongezi rangi wala vanishi. Anachofanya ni kukwangua tabaka jembamba mno lililokufa juu, maikroni chache tu, hadi aufikie uso mzima uliokuwa chini yake. Mawimbi yaliyoganda hupunguzwa vilele mpaka ziwa litulie. Mng'ao haukununuliwa dukani, ulikuwamo ndani ukingoja kufunuliwa. Lakini kila ufunuo una gharama yake, kwa sababu koti lenyewe halioti tena.

Akabandika tepu ya karatasi kwenye mipira, plastiki na kingo zote. Akavaa miwani na barakoa, maana vumbi la rangi si la kuvutwa kifuani, hasa la magari ya zamani ambayo rangi zake nyingine zilichanganywa na madini ya risasi. Akamwambia mpwa wangu arudi nyuma hatua kadhaa. Mashine ya kung'arishia inaweza kukamata nywele au nguo, na haichezewi na watoto. Nanyi mnaonisikiliza, katika kazi hii sehemu yenu ni macho, kitambaa na ndoo, na nitawaonyesha kwamba hiyo si sehemu ndogo.

Kwanza alijaribu kipande cha shubiri moja tu. Alianza na dawa laini kuliko zote alizokuwa nazo, akatazama. Haikutosha. Akapanda hatua moja, kompaundi yenye chembe kubwa kidogo, akatazama tena. Hapo akaridhika. "Anayeanza na kali," alisema, "hajui angeweza kuishia wapi kwa upole."

Je, chembe zilizomo katika kompaundi ni nini? Nyingi ni oksidi ya alumini iliyosagwa. Sasa sikieni ajabu: madini hayohayo yakikua ardhini taratibu kwa mamilioni ya miaka, yakaingiwa na kiasi kidogo cha kromi, huwa yakuti nyekundu, kama inayochimbwa kule Taita Taveta. Ni magumu kiasi kwamba ni vitu vichache duniani vinavyoweza kuyakwaruza, almasi ikiwa kimojawapo. Malkia huvaa yakuti kidoleni. Fundi wa Kawangware huipaka boneti ndugu yake yakuti, akiwa amesagwa kuwa dawa nyeupe.

Watu wa lugha yetu waliijua siri ya kusugua kabla ya magari kuja. Neno msasa, tunalolitumia kwa karatasi ya kulainishia mbao, ni jina la mti. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi seremala waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi za siku hizi zimeandikwa nambari: kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Ya 80 hukwangua ubao, ya 2,000 ukiigusa utadhani ni karatasi ya kawaida. Kwenye mkwaruzo mrefu wa mlango fundi alitumia ya 3,000 ikiwa imelowa, mahali palepale tu, kwa ncha za vidole.

Sasa mashine. Aliweka sifongo, akaipaka kompaundi kiasi cha mbegu chache za maharagwe, akaisambaza kabla ya kuwasha ili isimrukie usoni. Akaanza polepole, kama mizunguko 1,000 kwa dakika, kwenye mraba usiozidi nusu mita. Alikwenda kushoto na kulia, kisha juu na chini, kila mstari ukipanda nusu ya mwenzake, kama anayelima shamba asitake kuacha hata jani la gugu. Hakusimama mahali pamoja hata mara moja. Baada ya kila mraba aliweka kiganja kuona joto. Likizidi, alingoja.

Mpwa wangu alichoka kungoja. "Mzee, kwani haiwezi kwenda haraka?"

"Inaweza. Mwenye haraka ndiye aliyekuachia lile baka."

Alipomaliza raundi ya kwanza, boneti ilikuwa nyekundu lakini bado kulikuwa na nyuzinyuzi za duara, kama utando wa buibui, ukiitazama kwa tochi. Hizo ni alama za chembe za kwanza. Akabadilisha sifongo akaweka laini zaidi, na dawa yenye chembe ndogo zaidi, akarudia shamba lote upya. Kila hatua hufuta makovu ya hatua iliyotangulia na kuacha madogo zaidi, hadi yanakuwa madogo kiasi kwamba mwanga hauyaoni tena. Hapo tunasema inang'aa.

Ilipofika saa kumi alasiri alizima mashine, akafuta vumbi, akamwita mpwa wangu.

"Sogea. Unaona nini?"

Aliinama juu ya boneti. Kwanza alinyamaza. Kisha akasema, "Naona mti." Naam, matawi ya mti uliotufunika yalikuwa yamelala ndani ya boneti, jani kwa jani, na kati yake uso wa mtoto umefumbua mdomo. Dada yangu alicheka kama mtu aliyekutana na rafiki aliyedhani amehama mji. Baka la ukingoni lilikuwa bado lipo. Fundi hakulificha.

Kazi haikuishia hapo. Uso mpya uliofunuliwa uko uchi, na ukiuacha hivyo jua la kesho litaanza palepale lilipoachia. Fundi akafungua kikopo cha nta yenye karnauba. Karnauba ni nta ya mti wa kaskazini mashariki mwa Brazil, wa jamii moja na mnazi wetu. Majani yake hujipaka nta yenyewe ili jua na ukame wa huko visiyanyonye maji. Watu huyakausha, huyapukuta, hukusanya ile nta. Kwa hiyo kinachokinga boneti ya Kawangware ni kinga ambayo mti ulijitengenezea dhidi ya jua la kwao. Mabaharia wetu nao walifuata fikira hiyohiyo: mbao za majahazi walizipaka sifa, yaani mafuta ya papa, ili jua na chumvi visizipasue.

Nta hupakwa nyembamba, huachwa ikauke kidogo, hufutwa kwa kitambaa laini. Mara hii fundi alimpa mpwa wangu kitambaa. Alifuta boneti yote mwenyewe. Nta haidumu milele. Baada ya miezi michache huisha na hupakwa tena. Lakini jua likila nta halijala koti, na nta inanunulika.

Kabla hatujaondoka, fundi alimwachia mpwa wangu mausia manne, nami nawapa nanyi kama nilivyoyapokea. Gari lilale kivulini kila inapowezekana, au lifunikwe. Kinyesi cha ndege kisingoje Jumamosi. Kiloweshwe na kuondolewa siku hiyohiyo, bila kusuguliwa kikiwa kikavu. Stilwaya na sabuni ya unga vibaki jikoni na kwenye nguo. La nne lilinigusa mimi mwenyewe, maana nililifanya utotoni: usiandike kwa kidole juu ya gari lenye vumbi. Vumbi la barabarani limejaa mchanga, na kidole chako kikipita juu yake kinakuwa msasa. Jina utakaloliandika kwa mchezo litaoshwa, lakini mikwaruzo yake itasomeka juani kwa miaka.

Mkitaka kuona mausia hayo yakitunzwa maisha mazima, nendeni Ngong Racecourse, kando ya Barabara ya Ngong, wakati wa maonyesho ya Concours d'Elegance, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba. Yalianza mwaka 1970 yakiandaliwa na chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo nchini Kenya. Majaji hupita wakikagua rangi, viti, injini, hata chini ya magari. Mtakuta magari yenye umri mkubwa kuliko wazazi wenu, yanang'aa. Msiulize yamesuguliwa mara ngapi. Ulizeni yamefunikwa siku ngapi.

Haya, nimerudi. Wewe wa nyuma, sema sasa.

Umetegua: nguo isiyoonekana ni koti la vanishi la gari. Likiwa zima, macho hulipita yakaenda moja kwa moja kwenye rangi, kama halipo. Likichakaa, kila mpita njia anasema gari limezeeka.

Na ulipotaja ngozi ya nyoka ulikuwa umekaribia sana, kwa kuwa nyoka naye huvaa, huchakaa na hung'aa upya. Tofauti yao ndiyo somo lote. Nyoka akijivua gamba, chini yake lingine limekwisha kuota, na huwa hivyo maisha yake yote. Gari halioti gamba. Maikroni alizoondoa fundi hazitarudi, na bandu bandu huisha gogo. Ndiyo maana yule mzee alianza na dawa laini, akazunguka kingo, akangoja bati lipoe, na mahali palipokwisha akakataa kupagusa.

Mji wenu huu, Nairobi yenu, nawarudishieni. Lakini Jumamosi mtoke na ndoo mbili.